Shavu la Kushoto

Ukiwauliza watu wa Kimbo, pale Ruiru, Kaveke anafanya kazi gani, watakwambia anachora mabasi. Si uongo, ila si kweli yote. Basi lenyewe ni sanduku, na sanduku mtu yeyote mwenye rula anaweza kulichora. Kinachomfanya Githae, mwenye karakana ya kujenga mabasi, amweke pale karakanani, katika kichumba cha mabati chenye kompyuta na feni, ni sehemu ya mbele peke yake: ile sura ambayo mwenye basi akiiona ama hutabasamu ama hununa. Kwenye sura hiyo hakuna mstari hata mmoja ulionyooka. Paji linainama kuelekea kioo, kioo chenyewe kimejikunja, mashavu yanavimba chini ya taa kisha yanaingia ndani kufuata bampa. Kuchora kitu kama hicho kwenye kompyuta kikae sawa, kisiwe na bonde wala nundu, kumewashinda wengi. Kaveke aliweza. Aliweza vizuri mno, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Baba yake, Musau, alikuwa fundi wa bodi katika karakana hiyohiyo tangu binti yake huyu hajaanza shule. Nyumbani kwao ni Ngoliba, kule chini kwenye joto na vumbi jekundu, na mamake, Mbula, hakuwahi kuhama shamba. Musau alipanga chumba Kimbo na kwenda nyumbani kila mwisho wa mwezi. Shule zikifungwa, Kaveke alikuja kukaa naye siku mbili tatu, akashinda karakanani akimtazama. Musau alichukua bati bapa, akaliweka juu ya mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga, akaligonga taratibu mpaka likaanza kuvimba. Alikuwa na nyundo za kila umbo, nyingine za chuma, nyingine za mti, na vipini vyake vilikuwa vimelika kwa jinsi kiganja chake kilivyozishika. Akishamaliza kugonga alimwaga maji juu ya bati, akainama mpaka jicho likawa sawa na bati, akatazama jinsi tyubu ya taa ya darini ilivyojionyesha juu ya yale maji.

"Unaona ile taa?" alimwambia Kaveke. "Ifuate na macho. Mahali inakatika, hapo nimekosea."

Kaveke alifuata. Mara nyingi haikukatika popote.

Madereva waliijua sura ya basi aliyoigonga. Mtu akileta chasisi mpya Ruiru kujengewa bodi, hakusema anataka ya aina gani. Alisema, "Niwekee ya Musau." Ilikuwa sura pana, yenye mashavu yaliyojaa kidogo kama ya mtu aliyezuia kicheko.

Kaveke alipofika chuo huko Thika akasomea uhandisi wa mitambo. Walifundishwa kuchora kwa kompyuta, lakini vitu vya kunyooka: vibao, bolti, mabomba. Sura ya kitabu iliyohusu nyuso zilizopinda mwalimu aliiruka, akasema haiji kwenye mtihani. Kaveke aliisoma peke yake, katika chumba alichopanga Kiganjo, akifuata video za watu wa nchi za mbali. Mwanzoni alifanya kosa ambalo kila mwanagenzi hulifanya. Ukitaka uso upinde, unatandika mistari michache hewani, kisha unavuta ngozi juu ya mistari hiyo, na ngozi hiyo ina nukta unazoweza kuzishika na kuzisogeza. Ukiona kasoro, mkono unawasha kuongeza nukta ili uirekebishe. Ukiongeza, unapata kasoro nyingine mbili. Ilimchukua muda kuelewa kwamba kazi nzuri ni ya nukta chache, na kwamba uso mzima wa basi haufanywi kwa ngozi moja bali kwa vipande vingi vilivyounganishwa pasionekane kiungo.

Kuviunganisha ndiko kugumu. Programu ina kitufe kinachomwaga michirizi myeusi na myeupe juu ya ulichochora, kama ngozi ya punda milia. Vipande viwili vikigusana tu, michirizi inaruka pale vinapokutana. Vikifuata mwelekeo mmoja, michirizi inaungana lakini inavunjika kama kiwiko. Vikipinda kwa kiasi kimoja pale penye kiungo, michirizi inapita bila kujua kwamba imevuka kutoka kipande hiki kwenda kile. Siku Kaveke alipoipata mara ya kwanza ikapita hivyo, alimpigia babake simu.

"Baba, unajua hata kompyuta huangalia taa?"

"Taa gani?"

Akamweleza. Musau akacheka kule kwenye simu, kicheko cha mtu aliyefurahi kweli. "Kumbe hao wazungu waliniona," akasema.

Ni Musau mwenyewe aliyempeleka kwa Githae. Wakati huo karakana nyingine zilikuwa zimeacha bati zikaingia kwenye faiba, ile ya nyuzi za kioo: unatengeneza kalibu moja ya sura, unapaka faiba na gundi ndani yake, unatoa sura, unapaka tena, unatoa nyingine. Sura iliyomchukua Musau wiki nzima kuigonga, wenzake walikuwa wakiitoa kwa siku moja. Wateja wakaanza kwenda kwao. Githae, ambaye hakuwa mtu mbaya wala mzuri, alikaa na wafanyakazi wake chini ya turubai akawaambia kwamba bila kalibu, karakana itafungwa. Musau akasema, "Mimi nina mtoto anajua hiyo kitu ya kompyuta." Alisema akiwa ameinua kidevu. Wote waliokuwapo wanakumbuka.

Kaveke akaja na wazo ambalo mpaka leo hajui kama lilikuwa la upendo au la kujionyesha. Alisema wasibuni sura mpya. Waichukue ile ya babake, waiingize kwenye kompyuta, waitengenezee kalibu. Hivyo, hata Musau akistaafu, sura yake itaendelea kutembea barabarani. Githae aliona ni sawa. Kesho yake Musau alikuja amevaa shati jipya la kazi.

Basi walilolichagua lilikuwa la Waithira, mama mmoja wa Thika aliyeachiwa gari hilo na marehemu mumewe. Lilikuwa limekuja kupakwa rangi, na Musau alisema sura yake ndiyo iliyomtoka vizuri kuliko zote. Oluoch, aliyesoma na Kaveke na sasa alikuwa anatengeneza kalibu za ndoo na mitungi, akaja na skana ya mkononi. Akaizungusha polepole mbele ya basi kama mtu anayepiga pasi hewani, na kwenye kompyuta sura ikaota kidogo kidogo, rangi ya kijivu, mpaka ikakamilika. Watu walikusanyika. Musau alisimama nyuma ya kiti cha bintiye akiitazama sura yake ikigeuka kwenye skrini.

"Ni yenyewe," alisema.

Kaveke akaeleza kwamba uso wa gari huchorwa nusu tu. Ukishamaliza nusu moja, unaigeuza kama kwenye kioo, na unapata nusu ya pili bila jasho. Na ili awaonyeshe, akachukua upande wa kulia wa sura ile, akaugeuza, akaulaza juu ya upande wa kushoto, kisha akabonyeza kitufe cha kulinganisha. Kitufe hicho hupaka rangi. Mahali palipolingana pana kijani. Palipovimba zaidi panaiva na kuwa pekundu. Palipobonyea panakuwa bluu.

Paji likatoka kijani. Kando za kioo zikatoka kijani. Shavu la kushoto likatoka bluu tupu, kuanzia chini ya taa mpaka karibu na bampa.

"Hapo ni nini?" Githae akauliza.

Kaveke alijua ni nini kabla bosi hajamaliza kuuliza. "Ni tofauti kidogo tu, bosi."

"Kidogo kiasi gani?"

Kompyuta ilikuwa imeandika, na Githae alijua kusoma. Shavu lilikuwa limebonyea kwa unene wa kidole gumba. Mtu mmoja nyuma akasema kwa mzaha kwamba kumbe basi la mama Waithira liling'olewa meno upande mmoja, na watu wakacheka, si kwa ubaya, vile watu wa karakana wanavyocheka. Githae pia akacheka. "Musau, na miaka yote hii tunasema hii ndiyo sura."

Musau alitoka akaenda kwenye basi. Kupitia mlangoni Kaveke alimwona akiweka kiganja cha kulia kwenye shavu moja na cha kushoto kwenye lile lingine. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akabadilisha, akavuka mikono, akashika tena. Aliporudi alimwuliza bintiye kwa sauti ya kawaida kabisa, "Zote ziko hivyo?"

"Sijui, baba. Tumepima hii moja."

"Pengine ni vile mimi huegemea upande wa kulia nikigonga," akasema. "Upande wa kushoto mkono unafika umechoka."

"Hakuna mtu amewahi kuona. Hata mimi sijawahi kuona."

"Sasa mmeona."

Kaveke akamwuliza ni upande gani aufuate, wa kulia au wa kushoto. Musau akamwambia achague mwenyewe.

Akachagua wa kulia. Kazi ikamla miezi. Pagumu kuliko pote palikuwa pale ambapo paji, ubavu na nguzo ya kioo hukutana, kona yenye pande tatu, na programu haipendi vipande vya pande tatu. Inavikunja pembeni kama kitambaa kilichoshonwa vibaya. Alijaribu kuanza na kona. Alijaribu kuificha chini ya mpira wa kioo. Mwishowe akaziacha zile nyuso tatu kubwa zipite zaidi ya mahali zinapopaswa kuishia, zikakatana hewani, akazikata nyuma kidogo, na katika uwazi uliobaki akashona kipande kimoja cha pande nne. Akabonyeza michirizi. Ikapita. Siku hiyo alitoka nje akatafuta mtu wa kumwonyesha, lakini babake, ambaye ndiye alitaka aione, alikuwa chini ya gari, na hakumwita.

Kalibu ilichongwa Nairobi. Sura ya kwanza ya faiba ilipotoka, ikapigwa rangi ya chini na ya juu, ikasimamishwa juani. Githae akamwambia Musau aikague, maana bado alikuwa fundi mkuu. Musau akaenda akachota maji kwenye kopo, akayamwaga. Akainama. Alipitisha kiganja kwenye shavu la kulia, kwenye shavu la kushoto, kwenye ile kona, akarudia ile kona. Kaveke alikuwa kando yake.

"Haina kosa," Musau akasema.

Alimaanisha. Hilo ndilo lililomuuma Kaveke baadaye. Laiti angetafuta kasoro, angalau apate ya uongo, wangebishana kama baba na mtoto. Lakini Musau hakujua kudanganya kuhusu bati, na hata faiba hakuweza kuidanganyia.

Baada ya hapo hapakuwa na mtu wa kugongewa sura. Githae hakumfukuza. Alimhamishia kwenye kupiga msasa: sura ikitoka kwenye kalibu ina kingo kali na vipele, na mtu lazima aisugue mpaka iwe laini kabla ya rangi. Vumbi la faiba linaingia kwenye ngozi na kuwasha kama upupu. Musau alifunga kitambaa puani, akashusha mikono ya shati mpaka kwenye viganja, akasugua sura za bintiye mchana kutwa chini ya turubai, mbele ya dirisha la kichumba cha kompyuta.

Kaveke alikwenda kwa Githae. "Bosi, mzee anaumia na ile vumbi. Hakuna kitu kingine anaweza kufanya?"

"Kama nini?"

Kaveke akatazama nje, kwenye turubai.

"Sijamfukuza, Kaveke. Wengine wangemfukuza. Na wewe ndiye umetuletea hii kitu, na imetusaidia sana. Usianze sasa kulia na mimi."

Alirudi kwenye kiti chake. Juma lile aligeuza meza ikatazama ukutani. Mtu alipomwuliza, alisema jua linapiga kwenye skrini.

Musau aliondoka Jumamosi moja. Alimuaga mlinzi wa lango tu. Kaveke alijua kwa simu ya mamake.

"Babako amefika," Mbula akasema. "Amekuja na godoro."

"Amesema nini?"

"Amesema ndengu zinataka palizi."

"Mwaitu," Kaveke akamwita mamake kwa Kikamba, "amekasirika?"

"Akikasirika mimi hujua. Hajakasirika. Ni kama mtu ametoka hospitali."

Mwezi uliofuata Kaveke alikwenda Ngoliba na unga, sukari na shati. Babake alimpokea vizuri, akamwuliza habari za Kiganjo, akamwuliza kama maji yanatoka bombani siku hizi. Walipokuwa wanakula, Kaveke alisema angependa kuzichukua zile nyundo azitundike kwenye chumba chake cha kazi, watu wazione.

"Nyundo nimeuza."

"Umemwuzia nani?"

"Yule wa kununua vyuma vikuukuu. Alipitia hapa na mkokoteni."

Mbula aliinuka akaenda kuangalia moto ambao haukuwa na haja ya kuangaliwa.

Mambo yangeishia hapo, kila mtu akabaki na lake. Lakini basi la Waithira likagongwa. Lori lilirudi nyuma bila kuangalia, likapondaponda ule upande wa kushoto wa mbele, taa, shavu na yote. Waithira akalileta Kimbo likivutwa. Githae alimwonyesha sura ya faiba, nzuri, tayari. Waithira aliitazama kwa adabu.

"Hiyo iko kwa kila gari hapo nje," akasema. "Mimi nataka ile ya gari yangu. Marehemu aliichukua kwa mkono wa Musau. Kwani Musau amekufa?"

Githae akamtuma Kaveke. Alimwambia amweleze mzee kwamba ni kazi moja tu, kazi ya heshima, na mama wa watu anamtaka yeye mwenyewe. Kaveke akaenda na moyo mwepesi kuliko siku zote za miaka hiyo. Aliona hii ni nafasi, na hakutaka kufikiri ni nafasi ya nani. Musau alisikiliza akiwa anapepeta ndengu. Alipomaliza ungo mzima akasema, "Nitakuja Jumatatu."

Alikuja. Nyundo aliazimwa na fundi wa karakana ya jirani. Wazee wa pale walimpokea kwa kelele, wakamletea chai na mandazi, wakaondoa faiba zilizorundikwa mahali alipokuwa akifanyia kazi zamani. Mfuko wa mchanga ulipatikana nyuma ya stoo, umeliwa na panya upande mmoja, wakaushona. Musau akakata bati, akaanza.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Sauti ya nyundo yake iliposikika tena, hata waliokuwa wakipiga rangi walisimama. Kaveke aligeuza meza yake tena ikatazama dirishani. Siku ya pili, shavu likiwa limeshavimba nusu, Musau alimwaga maji, akainama, akatazama. Kisha akafanya kitu ambacho Kaveke hakuwahi kumwona akikifanya. Akasimama akaja mlangoni.

"Hebu lete hiyo mashine upime."

"Skana ni ya Oluoch, baba. Lakini iko sawa. Mimi naiona iko sawa."

"Wewe unaona. Hata zamani uliona." Hakuinua sauti. "Mpigie."

Oluoch akaja na skana. Shavu likapimwa, likalinganishwa na upande wa kulia: bluu kidogo, karibu na taa. Musau akarudi akagonga. Akaomba lipimwe tena. Sasa kulikuwa na wekundu chini. Akagonga. Akaomba. Oluoch alikaa siku nzima, akarudi kesho yake. Kila baada ya nyundo chache Musau alikuja mlangoni akiwa ameshika kopo la maji, na hakuyamwaga tena, alilishika tu. Kaveke alimwambia babake kwamba mama Waithira hataki liwe sawasawa, anataka lile la zamani. Musau akamtazama kama mtu asiyeelewa lugha.

"Nigonge kosa makusudi?"

"Si kosa, baba. Ni vile lilikuwa."

"Lilikuwa kosa. Nyinyi ndio mlinionyesha."

Bati halipendi kugongwa sana. Kila pigo linalinyoosha na kulifanya jembamba, na mwisho linakuwa gumu na kuvunjika kirahisi. Musau alilijua hilo kabla Githae hajawa na karakana. Mchana wa siku ya nne, likapasuka. Ulikuwa ufa mfupi, chini ya mahali pa taa, na ulitoa mlio mdogo kama wa ukucha kwenye sahani. Watu waliokuwa karibu wakajifanya wana kazi.

Mmoja wa wazee akasema litachomelewa, mbona ni kitu kidogo. Musau aliweka nyundo chini, akaipanga na zile nyingine kwa ukubwa wake. Akaenda akanawa mikono. Kaveke akamfuata mpaka bombani.

"Baba, kata bati lingine. Usiite mashine. Mimi nitamrudisha Oluoch Thika sasa hivi. Fanya vile ulikuwa unafanya."

Musau aliitazama mikono yake ikidondosha maji. "Zamani nilikuwa nikishika, najua," akasema. "Sasa nikishika, naona rangi."

Akapanda gari la Thika kabla watu hawajatoka kazini.

Githae alikuwa na mteja na basi lisilo na uso. Akamwambia Kaveke atafute njia. Kaveke alikuwa na njia, na alijua anayo tangu siku ile ufa ulipotoka, pengine hata kabla. Ile picha ya skana ya kwanza kabisa, ya sura nzima kabla haijagongwa na lori, alikuwa ameihifadhi. Shavu la kushoto lilikuwa mle ndani kama Musau alivyoliacha.

Akafungua kompyuta akalichora, pamoja na sura nzima, maana faiba haishikani vizuri na bati. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kuzifanya. Safari hii hakuweza kuchora nusu akaigeuza. Ilibidi kila upande uchorwe peke yake, kisha vikutane katikati ya paji bila michirizi kuvunjika, ingawa pande hizo mbili hazikufanana. Kila mara programu ilimvuta arudi kwenye usawa, na kila mara alivuta nukta kuirudisha kwenye kasoro. Alijifunza mle mambo ambayo hakuwahi kuyaona kwa macho: kwamba babake aliinua shavu la kushoto juu kidogo kufidia palipobonyea, kwamba jicho la mtu anayepita lilidanganywa na ule mwinuko. Musau alikuwa amelijua tatizo lake kwa namna fulani, mkono wake ulilijua, na ulikuwa umelitafutia dawa. Kaveke alikaa na jambo hilo mbele ya skrini, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Ikachongwa kalibu ya kutumika mara moja, faiba ikatolewa, ikapakwa rangi, ikafungwa. Waithira alipokuja kulichukua basi alizunguka mbele yake, akarudi, akaweka mkono kwenye lile shavu.

"Ndiyo hii," akasema. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Musau bado ana mkono."

Kaveke alifungua mdomo. Githae akawahi. "Ah, mzee ni mzee, mama," akasema, na akamfungulia mlango wa gari.

Na Kaveke akanyamaza. Alijiambia ananyamaza kwa ajili ya babake, ili angalau mtu mmoja Thika aendelee kusema Musau ana mkono. Alijiambia hivyo njia nzima akienda Ngoliba, na alipofika alimweleza babake yote, kwa sababu alifikiri hatimaye amepata zawadi ya kumletea. Alimweleza kuhusu ule mwinuko. "Ulikuwa umerekebisha, baba. Mkono wako ulikuwa unajua. Ndiyo maana hatukuona. Nimeiona kwa kompyuta, na nimeitengeneza vile ilivyokuwa, mpaka ule mwinuko. Mama Waithira hakujua tofauti."

Musau alikuwa ameketi kwenye kigoda, mguu mmoja umenyooshwa.

"Kwa hivyo sasa," akasema, "hata kukosea kwangu mnaweza."

Mbula akasema, "Baba Kaveke." Ni hilo tu alilolisema.

"Sisemi kwa ubaya," Musau akasema. "Nauliza tu."

Lakini hakuwa anauliza.

Sura ile Githae aliiweka kwenye simu yake awaonyeshe wateja, na wawili watatu wakaipenda; wanasema ina kitu, hawajui ni nini. Kaveke ameshaitolea kalibu ya kudumu. Sasa zipo kadhaa barabarani kati ya Ruiru na Thika. Akiziona zikimjia hutazama kwingine, na akiwa na mtu huendelea na mazungumzo yake.

Ngoliba bado anakwenda, si kila mwezi. Wanaongea juu ya mvua, juu ya ndege wanaokula mtama, juu ya dada mmoja wa kanisani aliyeolewa Matuu. Musau amezeeka ghafla upande wa mabega, lakini analima, na mavuno ya ndengu msimu uliopita yalikuwa mazuri kuliko ya majirani. Habari za karakana haulizi, na Kaveke hasemi. Mwaka huu Kaveke amepandishwa cheo. Alimwambia mamake jikoni, kwa sauti ya chini, na Mbula akamshika bega, akamwomba asimwambie mzee siku hiyo, maana mzee amengoja sana kumwona bintiye; wale kwanza.